Mawe ya Mizani

Jioni moja ya mwezi Machi mwenye nyumba wangu alinigongea mlango akiwa ameikumbatia mizani yake ya zamani kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Ana miaka 73, na wiki ile daktari alikuwa amemwambia kwamba mtoto wa jicho ameanza kulifunika jicho lake la kulia. "Wewe kazi yako kupima vitu kutwa nzima," akasema. "Nichagulie mizani nyingine. Mshale wa hii siuoni tena."

Naishi kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, kaskazini mwa Idaho, kwenye vilima vya Palouse ambavyo kiangazi huwa ni ngano mpaka macho yanapokoma. Nasomea shahada ya uzamili ya sayansi ya mazao. Utafiti wangu ni wa unyevu unaobaki ndani ya punje za ngano baada ya mavuno, na hauna hadithi ya kumsimulia mtu: unapima punje, unazikausha kwenye tanuri, unazipima tena, na uzito uliopotea ndio maji yaliyokuwamo. Kwa hiyo alisema kweli, napima vitu kutwa nzima. Alichokuwa anapima yeye ndicho nilichokuwa sijakijua.

Alikuwa anapima baruti.

Huku ni jambo la kawaida. Ganda la shaba linalobaki baada ya risasi kufyatuliwa halitupwi. Linasafishwa, linasukumwa kwenye kalibu ili lirudi umbo lake, linatiwa fataki mpya kitakoni, linajazwa baruti kwa kipimo, kisha kichwa kipya kinagandamizwa mdomoni. Anayezitengeneza kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu ya Marekani; anayetaka kuziuza ndiye anayeihitaji. Mimi nimezaliwa Morogoro, ambako risasi ni shughuli ya Shirika la Mzinga, yaani ya jeshi, na si jambo ambalo raia anaulizauliza. Kuiona baruti kwenye rafu ya gereji, katikati ya kopo la rangi na mfuko wa mbegu za nyasi, kulinitoa jasho.

Alikwishaniambia mara nyingi nimwite jina lake la kwanza, nikashindwa. Nikamweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake huitwa Mzee. Akauliza kama ni tusi. Nikamwambia ni kinyume chake, na tangu siku hiyo likabaki hilo.

"Mzee," nikasema, "nikikuchagulia vibaya?"

"Basi nitajua," akajibu, akaunyanyua mkono wake wa kulia na kuvichezesha vidole vyote vitano.

Nilikaa na swali lake wiki mbili, muda mrefu kuliko niliotumia kuchagua chuo. Baruti hupimwa kwa greni. Asili ya kipimo hicho ni punje ya shayiri, na greni 7000 ndizo zinazofanya ratili moja, hivyo greni moja ni kama miligramu 64.8. Mzee alitaka mizani inayotambua sehemu ya kumi ya greni: miligramu sita na nusu, labda robo ya punje moja ya mchele. Kwenye ganda la bunduki ya kuwindia, linalobeba greni nyingi, sehemu hiyo moja ya kumi si kitu kikubwa. Kwenye ganda dogo la bastola, linalobeba greni chache tu, ni jambo la kuangaliwa. Kitabu cha maelekezo hutaja kiasi cha kuanzia na kiasi cha mwisho kisichovukwa, na mwenye akili huanzia chini.

Mizani yake ya zamani ni ya wenzo. Haina betri wala waya, inategemea uvutano wa dunia peke yake, na huo haujawahi kukatika kama umeme. Shida yake ni mshale mwembamba unaotakiwa kutulia mbele ya mstari mwembamba, na macho ya Mzee hayawezi tena kutenganisha wembamba huo na huu. Ilibidi iwe ya elektroniki, yenye namba kubwa zinazowaka.

Hapo ndipo biashara inapomchanganya mtu. Ndani ya mizani nyingi za bei nafuu kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kinapobebeshwa uzito, na mpindo huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Ikiwa ya baridi inasema hivi, ikipata joto inasema vile. Upepo wa feni, simu iliyowekwa karibu, umeme tuli kwenye kikombe cha plastiki, vyote vinatosha kuisogeza. Zile kama za maabara yetu husawazisha mzigo kwa nguvu ya sumaku, na bei yake ingelipa kodi yangu ya miezi kadhaa. Nikakuta mizani moja ya bei ya chini kabisa ikiringia tarakimu tatu baada ya nukta. Tarakimu hazina gharama. Anayetengeneza kioo anaweza kuongeza nyingine mbili kesho, na chuma kilicho chini yake kikabaki kilekile.

Wahadhiri wa somo la vipimo wana mchoro wao mmoja ambao nadhani kila mwanafunzi wa sayansi ameuona: shabaha ya duara, na matundu yaliyosongamana pamoja lakini mbali na katikati. Maana yake ni kwamba kifaa kinaweza kurudia jibu lilelile mara mia na bado kikawa kinasema uongo uleule mara mia. Nimeunakili mchoro huo kwenye madaftari miaka yote bila kujiuliza matundu yale ni ya nini. Ni ya risasi.

Kwenye kalipa sikuchukua muda. Ganda hurefuka kila linapofyatuliwa, na likipita urefu wake huweza kubana kichwa cha risasi na kupandisha shinikizo. Kwa bunduki ya Mzee, .30-06 aliyorithi kwa baba yake, ganda halitakiwi kuzidi inchi 2.494, na risasi nzima inchi 3.340, hivyo ndivyo zilivyo kanuni za SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani kilichoundwa mwaka 1926. Kalipa ya kawaida ya elektroniki huonyesha hadi sehemu ya mia ya milimita, ila ukisoma karatasi yake inakiri kukosea sehemu mbili. Kuna jambo jingine ambalo karatasi hailisemi. Ernst Abbe, Mjerumani wa mambo ya lenzi, alifundisha kwamba kinachopima kinapaswa kulala kwenye mstari mmoja na kinachopimwa. Mikromita inatii hilo. Kalipa haitii, taya zake zimejitokeza pembeni mwa kipimo, na dole gumba likisukuma kwa nguvu taya hulala kidogo na namba hupungua. Mtu mwenye haraka na mtu mtulivu hawapati urefu mmoja kwa ganda moja. Nikamchagulia kalipa yenye namba kubwa, nikamwambia mikromita aliyokuwa nayo asiitupe.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote hakikuwa na namba hata moja. Ni bomba dogo la chuma lenye ngazi mbili zilizochongwa kwenye mdomo wake. Unadondosha ganda ndani. Kitako kikisimama kati ya ngazi hizo, limepita. Kikizidi au kikipungua, halikupita. Hakuna cha kujadiliana nacho.

Cha mwisho, na cha bei ndogo kuliko vingine, kilikuwa kisanduku cha mawe ya mizani. Kiswahili kinayaita mawe hata yakiwa ya chuma. Ni vizito vidogo vinavyojulikana uzani wake, vya kuiulizia mizani kama bado inasema kweli. Mzee alikuwa na yake ya zamani, yameshikwashikwa na vidole vya miaka arobaini. Nikamwagizia mapya, na kibano cha kuyashikia.

Vifaa vilipofika tukavipanga mezani kwake. Akalichukua jiwe la gramu 20 kwa kibano, akaliweka kwenye sahani, akasoma 308.6, akaandika kwenye daftari. Akaniambia hufanya hivyo kabla ya risasi ya kwanza na baada ya ya mwisho. Jiwe la mwisho likikataa, hufungua zote alizotengeneza jioni hiyo.

"Hata kama zote zinaonekana nzuri?"

"Zinaonekana kwa nani?" Akafuta kibano. "Ninyi kule chuoni mnaihakiki yenu lini?"

Nikamwambia kuna fundi anayekuja na kuacha kibandiko chenye tarehe.

"Sijauliza fundi. Wewe."

Nikasema huwa narudia kupima nikipata jibu la ajabu.

"Na likiwa zuri?"

Hakuwa ananitega. Alikuwa anafunga kisanduku, na baada ya hapo akaanza kuniambia habari za theluji.

Usiku huo nilifungua daftari langu la maabara. Sampuli 96. Kati ya hizo nilizorudia kupima zilikuwa 11, na nilikuwa nimeandika kila moja kwa uaminifu, tarehe na saa. Zote 11 zilikuwa zimepingana na nilichotarajia kukiona. Katika 85 zilizokubaliana nami sikuwa nimerudia hata moja.

Sikudanganya. Nataka kulisema hilo wazi, kwa sababu usiku ule nilijisemea mara nyingi. Kila namba iliyomo niliisoma kwenye mizani yenye kibandiko halali. Nilipozirudia zile 11, tatu zilikuwa na kosa kweli, kosa la mkono wangu, nami nikalirekebisha kama inavyotakiwa. Lakini mkono uliokosea mara tatu katika 11 haukuwa mkono mwingine kwenye zile 85. Makosa yaliyonipinga niliyatafuta mpaka nikayapata. Yaliyoniunga mkono niliyaacha yalale.

Mama yangu anauza mchele sokoni Morogoro. Anapima kwa kisado, na akishamaliza kupima huchota kidogo kwa mkono na kuongeza juu: nyongeza. Mteja asiyepewa nyongeza huondoka akinung'unika hata kama kisado kilijaa. Kwa mama, kipimo cha haki ni kile kilichozidi kidogo. Na wapo majirani zake ambao kopo lao limebonyezwa kitako kuelekea ndani, na wapo walanguzi wanaokwenda mashambani na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba, wakalipia gunia moja. Wakala wa Vipimo hupita, hugonga mihuri, hutoza faini. Madrasa tulifundishwa Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inayowaonya wale ambao wakipimiwa wanataka kujaziwa na wakiwapimia wengine wanapunguza.

Kila dhambi ya kipimo niliyofundishwa ina watu wawili ndani yake, mmoja anayepima na mmoja anayepunjwa. Ndiyo maana kule gerejini nilidhani nimefika mahali ambapo mafunzo yale hayanihusu. Mzee anajipimia mwenyewe. Hakuna mteja. Na nyongeza ya mama, ukarimu ule wa kiganja, ukiutia kwenye ganda la risasi unapasua mtutu. Pale mezani wema wote umo ndani ya kutozidisha.

Ila nilipoitazama tena ile orodha ya 11 niliona ni mimi ndiye mwenye vipimo viwili. Ushahidi uliokuja upande wangu niliupokea kwa kisado kilichojaa. Uliokuja kunipinga niliupimia kwa kopo lililobonyezwa. Na mtu wa pili yupo, ingawa simwoni: kuna mkulima ambaye siku moja ataambiwa ngano yake imekauka vya kutosha kuwekwa ghalani, kwa namba iliyopitia mikononi mwangu, na ngano yenye unyevu huota ukungu bila kujali nilikuwa na nia gani.

Mwenzangu mmoja wa darasani niliyemweleza alicheka. Alisema kila mtu hurudia jibu la ajabu. Daktari naye hurudia kipimo kisichofanana na mgonjwa anayemwona. Kama tungetilia shaka kila kitu, hakuna ambaye angemaliza shahada. Ana hoja, na sijaweza kuimaliza. Shaka ina gharama, na hakuna mwenye shaka ya kutosha kwa kila kitu. Ninachoweza kumjibu ni kwamba Mzee naye hana muda wa kutilia shaka kila risasi, na hafanyi hivyo. Aliamua zamani, akiwa bado hajui jibu lolote, ni wakati gani ataiuliza mizani. Daktari anayerudia vipimo vya ajabu tu ataishia na mafaili ambayo hayana ajabu.

Kuna siku nilijaribu kujitetea kwa njia nyingine. Mzee si mwaminifu, nilijiambia, ni mwoga. Anaogopa vidole vyake. Mimi nikikosea hakuna kinacholipuka, kwa hiyo uaminifu wangu, ukiwapo, utakuwa wa thamani zaidi kuliko wake. Hoja tamu. Kasoro yake ni lile neno "ukiwapo."

Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa na raha na kazi yenyewe. Nilikuwa nasaidia kutengeneza vitu vinavyoua. Mzee huua elki mmoja kwa mwaka, mnyama mwenye pembe za matawi na mzito kama ng'ombe wa kienyeji, na hula nyama yake mpaka masika; nimeila pia. Husema kipimo kibaya hujeruhi, na mnyama aliyejeruhiwa huenda kufia mbali ambako hakuna atakayemkuta. Namwamini. Hata hivyo mizani ya mtu anayeuza dawa za kulevya nayo ni sahihi, na usahihi wake haumsafishi. Na nilipoanza kusoma historia ya vifaa hivi nilikuta siwezi kuiacha bunduki gerejini nikaenda zangu maabara. John Hall, kwenye kiwanda cha silaha cha Harpers Ferry miaka ya 1820, alitengeneza bunduki ambazo kipande cha moja kiliweza kuingia kwenye nyingine, kwa sababu kila kipande kilipitishwa kwenye geji. Carl Edvard Johansson, Msweden aliyebuni mwaka 1896 vile vibao vya chuma ambavyo viwanda duniani vilikuja kuhakikishia vipimo vyao, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna. Baadaye, mwaka 1923, akaenda kufanya kazi kwa Henry Ford. Sehemu kubwa ya ukali wetu wa vipimo ilijifunzia kutembea kwenye nyumba za silaha. Sijui niufanyie nini ukweli huo. Nauweka hapa kwa sababu ungekuwa udanganyifu wa aina ileile kuuacha.

Aprili ilipita, na majira ya kiangazi, na sikumwambia msimamizi wangu habari za zile 11. Zile punje zilikwishatupwa. Nilijiambia nitaandika sentensi moja kwenye sura ya mbinu.

Jumatano moja ya Oktoba, siku tatu kabla Mzee hajapanda milimani, nilikaa naye gerejini. Jicho la kulia lilikuwa limezidi, na mimi nikawa msomaji wa pili. Tulianza kwa jiwe: 308.6. Akatengeneza risasi 40, bila redio, bila mazungumzo, kila ganda likipita kwenye lile bomba lenye ngazi mbili. Alipomaliza alinipa mgongo, akaanza kuzipanga kwenye boksi lake la plastiki, vichwa chini, kitako juu. Mimi nikaliweka jiwe kwenye sahani.

"Ngapi?" akauliza bila kugeuka.

308.9.

Angeweza kugeuka akaona mwenyewe. Namba zile ni kubwa, ndiyo maana tulizichagua. Hakugeuka. Nami nikafanya hesabu haraka kuliko nilivyowahi kuifanya kwenye mtihani. Mizani inayozidisha namba maana yake baruti iliyoingia ni pungufu, na pungufu kiasi kile hakuna mtutu utakaopasuka. Alikuwa amepima katikati, mbali na kiasi cha mwisho. Kulikuwa na baridi, mlango ulikuwa umefunguliwa dakika chache zilizopita, pengine upepo tu. Ilikuwa saa nne usiku na mgongo ulikuwa unamuuma. Kila nilichokiwaza kilikuwa kweli.

"Ngapi?"

"Mzee, haina hatari, kwa sababu..."

"Sikuuliza hatari."

"308.9."

Alisimama kidogo. Kisha akatoa tusi moja fupi, la kuchoka zaidi kuliko la hasira, akalirudisha boksi mezani, akafungua droo na kutoa nyundo yake ya plastiki, ile ambayo risasi hufungwa ndani ya kichwa chake na kugongwa kwenye gogo mpaka kichwa chake kichomoke chenyewe. Nilimsaidia kumi za kwanza. Yeye anagonga, mimi namimina baruti kwenye kikombe na kuyapanga maganda. Akaniambia nikalale, nina vipindi kesho.

Nikashuka chumbani, nikafungua kompyuta na kuanza kumwandikia msimamizi wangu. Niliandika kwamba kuna sampuli 11, na kwamba tatizo haliko kwenye hizo 11 bali kwenye 85 nyingine, nikafuta, nikaandika upya bila neno tatizo. Juu yangu, kupitia mbao za sakafu, nyundo ilikuwa bado inagonga.